Re: Mbwa wangu kafa na parvo, watu wananicheka nalia, je nichukue mwingine?

Pole sana mkuu, na usione aibu kabisa, hao wanaosema eti mwanaume unalilia mbwa hawajawahi kurudi usiku na ile baridi ya Uyole, Mbeya mwezi wa saba wakakuta kuna mmoja tu anawasubiri getini. Lia mpaka moyo utulie.

Ila mtoto wa mbwa mwingine usilete saa hizi, kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo hata mwaka na zaidi, sabuni peke yake haikiui, banda na sakafu osha halafu piga Jik. Ukipata mwingine achanjwe kuanzia wiki 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, ndo umlete kwako.

Alikuwa anaitwa nani? Weka picha yake tumuone.