Akaunti mpya Wikipedia: kwa nini makala imefungwa kwangu?

Ndugu yangu, umesema umefungua akaunti juzi, makala ya Wikipedia ya Kiingereza unayotaka kuisahihisha imefungwa, na unafikiria kufungua akaunti nyingine tatu ili usikike. Tafadhali usifanye hivyo. Akaunti za kujifanya watu tofauti hugundulika, na unaweza kufungiwa zote. Jina likishachafuka pale, kulisafisha ni kazi ngumu.

Kufuli hilo halikukulenga wewe. Makala nyingi zinazoharibiwa mara kwa mara huhaririwa na akaunti yenye angalau siku 4 na maharirio 10. Zile zenye ugomvi mkali, kama za Israeli na Wapalestina, hudai siku 30 na maharirio 500. Mfumo huhesabu wenyewe.

Ila hesabu ni mlango tu. Wanaokuamini ni watu, nao husoma historia yako ya kuhariri. Anza na makala ya wilaya unayoijua: rekebisha tahajia, weka chanzo kilipokosekana, na kila mara jaza ule mstari wa muhtasari kueleza ulichobadilisha na sababu yake. Wageni wengi huuruka, nami naamini ndio unaojenga jina kuliko kitu kingine. Ukifutiwa mabadiliko yako, usiyarudishe kwa nguvu. Uliza kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo.

Hata makala ile iliyofungwa ina ukurasa wa majadiliano. Andika hapo leo sentensi unayotaka ibadilishwe, pamoja na chanzo chake. Mhariri mwenye ruhusa akiridhika, ataiweka.