Mkuu, usiandike "mita 40" kabla hujaandika saa

Wewe mwenye chupa 60 za samaki wa taa kutoka Bahari ya Oman, unayeuliza uwahifadhi kwa formalini au spiriti: weka kalamu chini. Hiyo "makazi: maji ya juu, mita 40" unayotaka kuiandika kwenye ripoti ndiyo iliyonizika mimi.

Huyo Benthosema pterotum, kisamaki cha urefu wa kidole, mchana hayupo hapo juu. Anashinda mita 200 hadi 300 chini, kwenye maji yenye oksijeni haba ambayo wengi wa wanaomwinda hawayawezi. Jua likizama anapanda kula planktoni, alfajiri anashuka. Kila siku ya Mungu. Makundi ya jamii yake ni mazito hadi mwangwi wa mitambo ya meli inayopima kina kwa sauti hurudi kana kwamba umegonga sakafu ya bahari.

Sasa mimi nilikokota wavu usiku, nikabandika kwenye chupa "saa 3, mita 30". Kesho yake asubuhi nikakokota mita 250, nikaandika "saa 3" ileile. Mswahili wa watu, kwangu zote zilikuwa sahihi! Msimamizi wangu, mtu mwenye vyeti ukuta mzima, akaniambia saa ni pambo tu, kina ndicho takwimu, jumlisha ugawanye. Nikajumlisha. Nikagawanya. Nikapata makazi ya mita 140, mahali ambapo samaki huyu anapita tu kama mimi ninavyopita Chalinze.

Mtahini akaishika chupa moja, akasoma "saa 3" kizungu, 03:00, yaani saa tisa usiku, akauliza ya pili mbona nayo ni saa tisa. Nikajibu kwa kukohoa. Mihula miwili nimerudia, na ada nimelipa mwenyewe. Msimamizi? Alikuwa safarini.

Kwa hiyo andika 21:00 au 09:00, ndipo uandike kina. Formalini ya asilimia 10 kwanza, spiriti baadaye, lakini hesabu vile vitaa vya tumboni, vidoa vya mwanga vinavyotambulisha spishi, samaki akiwa bado mbichi, maana ngozi yake huchunika wavuni na jina la spishi linaondoka nayo.

Na hizo 60 ulizonazo, nahodha lazima ana daftari la safari. Mpigie leo, kabla hajatoka tena.