Mustang ya 1965 ya Paa la Kukunja: Anza Kuikagua Chini

Rangi nyekundu na turubai jipya jeupe visikupumbaze. Mustang za mwanzo, ambazo Ford ilizitoa Aprili 1964 kwa kutumia vyuma vingi vya Falcon, gari lake dogo, hazina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi. Paa likiondoka, limeondoka na nguvu zake. Ndiyo maana wahandisi waliongeza bati nene ndani ya vizingiti vya milango, pamoja na masanduku ya chuma yanayoshika vizingiti hivyo na fremu ya mbele. Kutu ikiyala hayo, gari linalegea kiunoni.

Soma kwanza namba ya gari ya kiwandani (VIN), si ya usajili. Tarakimu ya tatu na ya nne ziwe 08. Ukikuta 07, hilo lilikuwa la paa la bati, mtu akalikata kwa msumeno. Liache.

Gari likiwa juu ya matairi yake, tazama mwanya wa nyuma ya mlango. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, bodi imeshabonyea. Kisha piga jeki chini ya fremu, nyuma ya tairi la mbele: mwanya ukibadilika au mlango ukianza kukwama, vizingiti vimekwisha, hata kama puti imevifanya ving'ae. Pitisha sumaku, isiposhika, hapo hakuna chuma.

Sasa mimina maji kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo. Yanapaswa kutokea pembeni, nyuma ya madigadi ya mbele. Yakidondokea miguuni pa dereva, kutu imetoboa kule ndani, na kupafikia ni kutoboa alama za weldi kwa makumi. Kubadilisha sakafu bila kuziba hapo ni kupoteza bati.

Ukichomelea, usikate chochote kabla ya kufunga vyuma vya kukaza katika uwazi wa kila mlango, toka nguzo ya bawaba hadi ya kitasa. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Anayekata pande zote mbili kwa pamoja atapata milango isiyofungika tena.

Turubai la umeme lina pampu ya haidroli nyuma ya kiti cha nyuma, na silinda mbili. Mota ikinguruma na paa lisiende, angalia mafuta na mipira yake. Upande mmoja ukitangulia, achia swichi papo hapo, la sivyo utapinda fremu ya turubai. Na kabla ya kulishusha, fungua zipu ya kioo cha plastiki.