Kabla hujaandika kwamba bandeji yako imeua bakteria

Wadogo zangu wa maabara, wiki hii nimeonyeshwa tena picha ya sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria): duara safi kuzunguka kipande cha bandeji yenye chembe nano za fedha, na chini yake neno "imeua". Duara halisemi hivyo.

1. Duara linasema kuna kitu kimetoka kwenye bandeji, kikasambaa katika agari na kuwazuia bakteria kuota. Wamekufa au wamezuiwa tu? Huwezi kujua. Na bandeji iliyoshika chembe zake imara, inayoua kwa kugusana, inaweza isitoe duara kabisa. Msiitupe.

2. Kuhesabu koloni, yaani vishada vya bakteria walioota kwenye sahani. Hapa naomba mnisikilize. Unaloweka bandeji kwenye mchanganyiko wa bakteria Staphylococcus aureus, saa 24 zikipita unachota, unazimua, unapaka kwenye sahani. Kesho yake sahani iko tupu, na furaha imejaa chumba. Lakini ulipochota bakteria ulichota na fedha. Imefika mpaka kwenye sahani, na huko inaendelea kuwazuia walionusurika. Dalili yake ni hii: sahani ya mzimuo mdogo haina kitu, ya mzimuo mkubwa zaidi, ambako fedha imepungua, ina koloni. Nimemwona kijana mwenye bidii kweli akijenga sura nzima ya tasnifu juu ya hesabu za aina hiyo. Mtahini akauliza swali moja tu: fedha uliizima kwa kutumia nini? Sura yote ikarudi benchi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sahani zile zilipita mikononi mwa watu wengi, na hakuna aliyemwambia. Tumieni sodiamu thayoglikoleti, salfa yake huikamata fedha. Nayo ijaribiwe: ikiwa peke yake isiwadhuru bakteria, ikiwa pamoja na fedha iwaache waote. Hapo ndipo kuua asilimia 99.9, yaani kutoka milioni moja hadi elfu moja, inapokuwa na maana.

3. Wekeni daima bandeji isiyo na chembe. Kitosani (malighafi ya bandeji itokanayo na maganda ya kamba) iliyobaki na asidi ya asetiki inaweza kuua bila msaada wa fedha.

4. Acheni kupima kwenye maji matupu. Kidonda kina kloridi inayoigandisha fedha na protini zinazoikamata. Tena bakteria Pseudomonas aeruginosa aliyejichimbia ndani ya bayofilimu (utando wa ute wanaojijengea bakteria) si yule anayeelea kwenye chupa. Dozi inayommaliza anayeelea mara nyingi haimtikisi aliyejichimbia.

5. Seli za mwili. Kwa ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima sumu kwa seli, uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70, bandeji inahesabiwa kuwa na uwezekano wa sumu. MTT, kipimo cha rangi kinachoonyesha uhai wa seli, nayo hudanganywa na chembe zinazofyonza mwanga au kuibadili rangi hiyo zenyewe, kwa hiyo wekeni visima (vijishimo vya sahani ya kupimia) vyenye chembe bila seli. Mwenye kidonda anataka bakteria wafe na ngozi ifunge. Fibroblasti, seli zinazojenga upya tishu ya kidonda, zikifa pamoja na bakteria, punguzeni dozi, kisha rudini namba 2 mhesabu upya.