Maswali ya Wasomaji: Mfumo Unapoelemewa

Swali: Ndugu Mhariri, nasimamia mfumo wa kompyuta unaopokea maombi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Ukitumia asilimia 70 ya uwezo wake hauna shida, lakini ukikaribia asilimia 95 unazorota ghafla, na hata mzigo unapopungua haurudi katika hali yake mpaka tuuzime na kuuwasha upya. Wenzangu wanasema tununue seva zaidi, yaani kompyuta zinazohudumia maombi hayo, na tuboreshe utabiri wetu wa mzigo. Je, hilo litatosha?

Jibu: Seva zitawapa nafuu ya muda na utabiri utasaidia kidogo, lakini hakuna hata kimoja kinachogusa jambo zito zaidi katika maelezo yako, yaani mfumo kushindwa kuinuka wakati mzigo umeshapungua.

Tuanze na kuzorota. Foleni haikui sambamba na mzigo. Katika mfano rahisi kabisa wa nadharia ya foleni, ambapo mhudumu ni mmoja na maombi hufika na kuhudumiwa kwa nyakati zisizotabirika, muda wa wastani ambao ombi hukaa ndani ya mfumo huwa mara 2 ya muda wa huduma yenyewe pale nusu ya uwezo inapotumika, mara 5 kwa asilimia 80, mara 10 kwa asilimia 90, na mara 20 kwa asilimia 95. Hatua ya mwisho imeongeza mzigo kidogo sana, lakini imerefusha muda huo maradufu. Kwa hiyo ile asilimia 30 ambayo mhasibu huiona imekaa bure ndiyo inayomeza mishtuko ambayo hakuna aliyeitabiri, nami ningeitetea mbele ya kikao chochote cha bajeti.

Kutoinuka kuna chanzo kingine. Mtumiaji akichoka kusubiri hutuma ombi lilelile tena, na programu nyingi hufanya hivyo zenyewe bila kuambiwa. Seva hujikuta ikishughulikia maombi ambayo wenyewe wameshayaacha, huku nakala mpya zikirundikana nyuma yake. Inachapa kazi kwa nguvu zake zote na hakuna anayepata jibu. Mzigo wa awali ukiondoka, marudio hayo yanatosha kuendelea kuuelemea mfumo. Intaneti ilipokuwa bado changa ilipatwa na jambo la jinsi hiyo mnamo Oktoba 1986: kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, umbali wa yadi 400 hivi, kasi ya mawasiliano ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo aliyechapisha tiba yake mwaka 1988, hakupendekeza nyaya nene zaidi. Alitaka kila kompyuta inayotuma ianze polepole, iongeze kasi kadiri inavyopata uthibitisho kwamba pakiti, yaani vipande vidogo vya data inayotumwa, zimefika, na ipunguze kasi mara inapoona zinapotea. Hakuna kompyuta iliyohitaji kujua hali ya mtandao mzima, na hapo ndipo ninapouona ubora wa tiba hiyo.

Kwenu nyinyi, wekeni kikomo cha urefu wa foleni na kataeni ombi linalozidi papo hapo badala ya kulipokea na kulichelewesha. Lililopitwa na wakati litupwe kabla halijaanza kushughulikiwa. Programu inayorudia ombi nayo isubiri muda unaoongezeka maradufu kila inaposhindwa, pamoja na nyongeza ya kubahatisha ili zote zisirudi kwa mkupuo mmoja.

Swali: Wakubwa wetu hawataki kulisikia neno “kukataa”. Kwao, kumnyima mtu mmoja huduma ni kushindwa. Tuwaambie nini?

Jibu: Waelezeni yaliyotokea tarehe 14 Agosti 2003 katika jimbo la Ohio, Marekani. Laini za umeme za kilovolti 345 zilizokuwa zimelegea ziligusa miti na kukatika moja baada ya nyingine, na kila iliyokatika iliiachia mzigo wake iliyobaki. Programu ya tahadhari katika chumba cha udhibiti ilikuwa imekufa karibu saa nzima kabla ya laini ya kwanza kati ya hizo kukatika, na wahudumu hawakujua, hivyo ukimya wa kengele ukachukuliwa kuwa ishara ya usalama. Watu wapatao milioni 50 nchini Marekani na Kanada walikosa umeme. Kikosi cha pamoja cha nchi hizo mbili kilichochunguza tukio hilo kilieleza kwamba kuwakatia umeme wateja wa eneo la Cleveland na Akron kwa kiasi cha megawati 1,500, kabla ya laini moja muhimu kupotea, huenda kungezuia anguko lote. Mzigo uliopotea mwishowe ulikuwa megawati 61,800.

Kwa hiyo wakubwa wenu wachague watakaokataliwa wakati bado wana nafasi ya kuchagua: kazi inayoweza kungoja hadi kesho iondolewe kwanza, na ile inayogusa uhai au fedha za watu iwe ya mwisho. Wasipochagua wao, mfumo utawachagulia, tena bila kubagua.

Swali: Je, kizuizi kinachojifunga chenyewe mzigo unapozidi hakiwezi kuleta madhara?

Jibu: Kinaweza, hasa pale wanaozuiwa wanapofikiri na kubadili mwenendo wao. Mwanzoni mwa Januari 2016 masoko ya hisa ya Uchina yalianza kutumia utaratibu wa kusimamisha biashara kwa dakika 15 fahirisi, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa, ikibadilika kwa asilimia 5, na kuifunga kwa siku nzima ikifika asilimia 7. Biashara ilipofunguliwa tena baada ya kusimamishwa mara ya kwanza, kila muuzaji alijua kwamba mlango wa pili uko karibu sana, akakimbilia kuuza kabla haujafungwa. Utaratibu huo ulifunga soko tarehe 4 na tena tarehe 7, mara hii ndani ya nusu saa ya kwanza, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba umesitishwa. Marekani hutumia asilimia 7, 13 na 20, ngazi zilizoachana zaidi. Nanyi achanisheni ngazi zenu, ya kwanza ipunguze mzigo taratibu badala ya kufunga kabisa, na mlango ukishafungwa ufunguliwe kwa maombi machache kwanza, mengine yakiongezwa kadiri foleni inavyobaki fupi.