Weusi Unaojificha Chini ya Kichwa cha Mswaki wa Umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, naomba unifikishie swali langu kwa mtaalamu wenu wa kinywa na meno. Mwanangu anayefanya kazi Muscat alituletea, mimi na mama yake, mswaki wa umeme wenye mpini mmoja na vichwa viwili. Juzi nilipochomoa kichwa changu nilikuta utando mweusi wenye harufu mbaya umeganda ndani yake na juu ya mpini. Jirani amenishauri nivichemshe vichwa vyote, au nivilowanishe katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Je, ni salama? Na je, si vibaya sisi wawili kutumia mpini mmoja?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Weusi huo ni mchanganyiko wa mate, dawa ya meno na maji ulioteremka kando ya kile kijiti cha chuma kinachochomekwa ndani ya kichwa, ukatuama hapo bila kukauka, na bakteria pamoja na ukungu vikapata makazi. Kichwa cha mswaki wa namna hii kina uwazi ndani, kwa hiyo mtu anaweza kusuuza nyuzi kila siku zikang'aa huku uchafu ukiendelea kulundikana mahali asipopaona. Na kwa joto na unyevu wa pwani yetu, mahali hapo hapakauki iwapo kichwa hakichomolewi.

Tafadhali usivichemshe. Maji yanayochemka hupinda nyuzi na kulegeza plastiki, na kichwa kilicholegea hakikai sawasawa juu ya mpini. Klorini nayo hula chuma, na si kitu cha kuachwa kwenye chombo kinachoingia kinywani. Kichwa kilichokwisha kuota ukungu ndani ningekitupa, kwa sababu sehemu hiyo haifikiki vizuri kwa kusugua, kisha ningesafisha mpini kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na kuzunguka kijiti cha chuma kwa pamba ya masikioni.

Kuanzia hapo, kazi ya kila siku ni fupi. Ukimaliza kupiga mswaki, uache uzunguke kidogo chini ya maji yanayotiririka, uzime, uchomoe kichwa, ukisuuze nje na ndani, usuuze pia kijiti, ukung'ute, upanguse mpini, kisha uviache vimesimama mbalimbali mahali penye hewa. Usikifunike kichwa kibichi kwa kifuniko wala kukiweka kwenye kikopo kilichofungwa, maana vijidudu hustawi penye unyevu. Maji ya kusuuzia yawe yanayofaa kunywewa. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, utaona ukoko mweupe kwenye mpini. Huo hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, ukimalizia kwa maji safi. Na ikiwa bafu na choo ni chumba kimoja, weka mswaki mbali na choo na ufunike kifuniko chake kabla ya kuvuta maji.

Chaja nayo isisahauliwe. Ichomoe kwanza kwenye soketi, ndipo uipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuiacha ikauke kabisa. Mpini hustahimili maji ya kusuuzia, lakini usiuzamishe kwenye beseni.

Kuhusu kutumia mpini mmoja, hakuna ubaya, mradi kila mmoja ana kichwa chake na kijiti kinasafishwa kabla ya mwenzake kuchomeka chake. Vichwa vingi vina pete ndogo ya rangi chini yake. Chagueni rangi na msibadilishane hata siku moja. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa kuwa fizi hutoka damu bila mtu kujua, na homa ya ini aina ya B huweza kuambukizwa kwa kuchangia mswaki, hata kati ya watu wanaopendana na kuaminiana.

Wapo wanaopenda kuloweka kichwa katika dawa ya kusukutulia au haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa famasi. Hupunguza bakteria kweli, lakini kwa mtu mwenye afya si lazima, na haichukui nafasi ya kusuuza na kukausha.

Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hushauri mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi 3 hadi 4, au mapema zaidi nyuzi zikitawanyika. Najua vichwa hivi ni ghali na havipatikani kila duka, ndiyo maana wengi hutumia kimoja mwaka mzima. Kwa maoni yangu, mswaki wa kawaida unaobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko wa umeme wenye kichwa kilichochakaa. Basi mwambie kijana, safari ijayo, alete vichwa vya akiba vya aina ileile, kwa kuwa vya kampuni moja mara nyingi haviingii kwenye mpini wa nyingine.