Je, upinde wa mvua ulikuwepo kabla ya gharika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana Biblia. Tuliposoma Mwanzo 9:13, "Mimi nauweka upinde wangu winguni", mmoja akauliza: kama upinde ni mwanga wa jua kwenye matone ya maji, ina maana kabla ya Nuhu haukuwahi kuonekana? Nasikia marabi wa kale walilijadili hili. Walisemaje?

JIBU: Marahaba. Walilijadili sana, na hawakukubaliana.

Abraham ibn Ezra, mwanazuoni wa Hispania wa karne ya 12, alishikilia kwamba upinde ulianza baada ya gharika. Ila hakutaka kuwapuuza Wayunani waliosema unatokana na jua, basi akapendekeza kwamba Mungu aliuongezea nguvu mwanga wa jua baada ya gharika.

Mimi navutwa zaidi na Nachmanides, rabi wa Girona huko Hispania (1194–1270). Yeye anasema hatuna budi kuwaamini Wayunani, kwa kuwa hata chombo cha maji kikiwekwa juani huonyesha mfano wa upinde. Akishakubali alichokiona kwa macho, anarudi kwenye aya na kuisoma upya. Kitenzi cha Kiebrania kiko katika wakati uliopita: "nimeuweka". Tena Mungu anasema "upinde wangu", yaani alikuwa nao tayari. Kwa hiyo upinde ni wa tangu uumbaji, na baada ya gharika ukapewa kazi ya kuwa ishara. Anataja chungu ya mawe ya Yakobo na Labani (Mwanzo 31): mawe yalikuwepo, mapatano ndiyo yaliyoyafanya shahidi.

Wala hakuwa mfuasi wa Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani. Alikuwa mtu wa Kabala, yaani mafundisho ya siri ya Kiyahudi, na aliwapinga vikali wanafalsafa waliokana miujiza. Ndiyo maana kukubali kwake hapa kuna uzito.

Kusoma aya upya hivi si kwake tu. Maimonides (1138–1204), rabi na mwanafalsafa, naye aliandika kwamba hakukataa fundisho la Aristotle la ulimwengu usio na mwanzo kwa sababu ya aya tu, maana aya angeweza kuzifasiri. Alilikataa kwa kuwa halikuthibitishwa, na lingebomoa msingi wa Torati.

Kwa darasa lako, laza kioo kwa mshazari ndani ya karai la maji, kielekee jua, rangi zitatokea ukutani (wasikitazame kioo chenyewe, jua litawaumiza macho). Kisha msome Mwanzo 9:12–17 mkiweka "nimeuweka", na umwachie kijana wako aseme kinachobadilika.